Ultrasaundi kwa simu, kutoka zahanati hadi kwa msomaji wa picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameulizwa na wauguzi, wakunga na matabibu wa zahanati na vituo vya afya vya Kilimanjaro na Arusha, na mengine na wagonjwa wenyewe wakiwa bado wanajifuta jeli. Anayejibu ni mmoja wa wanaokaa Moshi kuzisoma hizo picha. Kama wewe ni mgonjwa, ruka ya probu na bando, nenda kwenye yale ya siri, tarehe na gharama.

Kwani kinachotumwa ni nini hasa?

Probu, kile kichwa kinachopitishwa juu ya tumbo, hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Kwa tumbo la mjamzito huwa kati ya megahezi 2 na 5. Mawimbi yakigonga mpaka wa kitu na kitu, tuseme maji ya uzazi na fuvu la mtoto, sehemu yake hurudi, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo moja ya korongo huko Marangu akaisikia sauti yake mwenyewe. Sauti hukimbia mwilini takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mashine ikijua mwangwi umechukua muda gani, inajua umetoka kina gani, na inaweka nukta hapo. Nukta zikijaa ndiyo picha.

Kuanzia hapo ni faili kama faili nyingine. Inapita kwenye mnara wa simu, inafika Moshi mjini, Arusha au Dar es Salaam, na ubora wake haupungui kama hakuna aliyeibana njiani. Kwa hiyo kutuma ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ipo kabla ya kutuma, kwenye mkono ulioshika probu, na baada ya kutuma, kwenye jibu kumrudia mwenye tumbo.

Ina mionzi?

Haina, ni sauti tu. Mionzi ni ya eksirei na siti skani, na mashine hizo zina vibali vyake vya Tume ya Nguvu za Atomu, ile yenye ofisi na maabara pale Njiro. Hata hivyo sauti nayo ni nishati na hupasha joto kidogo, kwa hiyo tunapiga kwa muda unaohitajika, basi. Katika miezi mitatu ya kwanza hatuwashi Dopla, ile sehemu ya mashine inayopima mtiririko wa damu na kuutoa kama sauti, ili tu mama asikie moyo wa mtoto. Mapigo yanaonekana kwa macho kwenye kioo, na mama akionyeshwa yanatosha kumfurahisha.

Kwa nini mgonjwa asipande gari tu aje hospitali?

Anayeweza, aje. Aliyeko Kibosho au Tengeru hana haja ya mzunguko wa simu. Lakini Longido hadi Arusha ni kama kilomita 80, na hiyo ni kwa aliye kando ya lami ya Namanga. Aliyeko Gelai au Kitumbeine itabidi kwanza aitafute hiyo lami. Loliondo kuja Arusha ni siku nzima. Vijiji vya juu kwenye milima ya Pare, mvua za masika zikikolea, gari halipandi wala halishuki. Halafu kuna nauli, kuna pa kulala, kuna mbuzi na watoto wa kuachiwa mtu.

Matokeo yake tunayajua wote: mama anaambiwa akapige ultrasaundi, anaitikia kwa heshima, hapigi, anarudi siku ya uchungu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki 24. Zahanati ikipiga na kutuma, tunajua nani kati ya wale wote waliokaa kwenye benchi la kliniki ndiye anayelazimika kusafiri, na akisafiri anakwenda akijua anamfuata nani na kufanyiwa nini.

Nahitaji mashine ya aina gani?

Zipo za aina tatu. Kubwa ya magurudumu, ya mkoba inayofunguka kama laptopu, na probu inayochomekwa kwenye simu au tableti. Hii ya mwisho ndiyo kila mtu anaitaka. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walionyesha probu ya waya wa USB ikifanya kazi na simu ya mkononi, na miaka miwili baadaye mashine ya aina hiyo ikapata kibali cha mamlaka ya dawa ya huko. Butterfly iQ ilipoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2018 kwa takriban dola 2,000 za Marekani, bei iliwashtua wengi waliozoea mashine za makumi ya maelfu. Hiyo inatumia chipu badala ya fuwele, yale mawe madogo yanayotoa na kupokea sauti kwenye probu za kawaida, ndiyo maana probu moja inaangalia tumbo, moyo na mishipa.

Kabla hujalipa, uliza maswali ambayo muuzaji hayapendi. Programu inafanya kazi bila intaneti, au inadai kuingia kwa akaunti kila baada ya muda? Kuna ada ya mwaka? Faili inatoka nje ya programu, au imefungiwa kwenye seva ya kampuni? Simu uliyonayo inakubalika, au ni lazima ununue nyingine ya bei ya ng'ombe wawili? Kifaa kinatambuliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba? Na chaji: probu hizi zikipata moto hujizima zenyewe ili zisimwunguze mgonjwa, na kliniki ya Mto wa Mbu saa nane mchana haina huruma.

Maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: kama zahanati yako tayari ina mashine ya zamani inayotoa picha safi na yupo fundi wa kuitengeneza, usikimbilie probu ya simu. Tumia ile ile, utume picha zake.

Naweza kupiga picha kioo cha mashine kwa simu yangu?

Ndiyo, na picha nyingi tunazopokea ni za namna hiyo. Zikipigwa vizuri zinasomeka kabisa. Zikipigwa vibaya tunaona dirisha la chumba, taa ya juu na kofia ya muuguzi, mtoto hatumwoni.

Funga pazia. Zima taa ya dari na mwanga wa simu. Futa kioo cha mashine na lenzi ya simu, jeli huishia huko bila mtu kujua. Simama ana kwa ana na kioo, simu isiinamie upande, kwa sababu kichwa cha mtoto kikipigwa kwa mshazari kinageuka yai. Gandisha picha kwanza kwenye mashine. Acha kingo zote zionekane, hasa ile ngazi ya sentimita pembeni: bila hiyo siwezi kujua kama uvimbe ni wa sentimita 2 au 12. Kama umepima, vile vijialama vya kupimia vionekane pamoja na namba zake.

Kitu kimoja tu ndicho kisionekane, nacho ni jina la mgonjwa, ambalo mashine nyingi huliandika juu kabisa. Weka namba badala ya jina wakati wa kumsajili, hapo hutahangaika kulifunika kwa kidole.

Picha moja inatosha au nitume klipu?

Kwa asiye na uzoefu, klipu. Picha iliyogandishwa inanionyesha ulichochagua kunionyesha, ilhali klipu inanipa na ulichokipita bila kukiona.

Uganda wametangulia katika hili. Mradi wa Imaging the World ulifundisha wakunga wa vituo vya vijijini kupitisha probu kwa kufuata alama za nje za mwili, kitovu na mifupa, bila kulazimika kuelewa kinachoonekana kwenye kioo. Mashine inarekodi, faili zinabanwa, zinatumwa kwa mtandao wa simu, msomaji anazifungua mahali pengine na kuzipitia fremu kwa fremu.

Kwa mjamzito tunaomba hivi. Mama alale chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, na akiwa na mimba kubwa mwekee kanga iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili ainamie kushoto asizimie. Alama ya pembeni ya probu ielekee mkono wa kulia wa mama. Anzia juu tu ya mfupa wa kinena, panda polepole hadi mwisho wa mfuko wa uzazi: mara moja katikati, mara moja kulia, mara moja kushoto. Kisha geuza probu, alama ielekee kichwani kwa mama, upite kutoka upande hadi upande, chini, katikati na juu. Kila mpito sekunde 8 hadi 10. Watu wote huenda mbio mwanzoni, kwa hiyo hesabu kwa mdomo: moja, mbili, tatu. Mama mwenyewe atakusaidia kuhesabu.

Kina kiwe cha kutosha kuona ukuta wa nyuma wa kizazi, la sivyo kondo lililokaa nyuma halitaonekana na mimi nitaandika "sikuliona", nawe utadhani halipo.

Niandike nini pamoja na picha?

Hili ndilo linalotuchelewesha kuliko mtandao. Picha inaingia saa tano usiku na maneno mawili: "Naomba msaada." Ya nani? Ya nini? Tunaanza kupigiana simu.

Ujumbe mzuri ni kama huu: "Namba 0417. Miaka 27, mimba ya 3, amezaa 2, wa pili kwa upasuaji. Hedhi ya mwisho 4 Februari, ana uhakika. Anatokwa damu tangu jana jioni, hana maumivu. Presha 118/74, mapigo 88. Swali: kondo liko wapi?"

Mistari michache, lakini tazama ilivyobeba. Damu bila maumivu kwa mtu mwenye kovu la upasuaji inanifanya niangalie mlango wa kizazi kabla ya kitu kingine chochote, halafu niangalie kama kondo limekaa juu ya kovu. Na nitakujibu kwanza kwa simu kwamba asipimwe njia kwa vidole mpaka tujue. Ujumbe usio na swali hupata jibu la jumla, na jibu la jumla halimsaidii mtu aliyeko Engaruka.

Inakula bando kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyohofia. Fremu moja ya nyeusi na nyeupe yenye nukta 640 kwa 480 ni kama kilobaiti 300 ikiwa haijabanwa. Sekunde 5 kwa fremu 30 kila sekunde zinafika megabaiti 46, hapo ndipo mtu anaogopa. Lakini hakuna anayetuma hivyo. Ikibanwa kuwa klipu ya kawaida inashuka hadi megabaiti moja hadi tatu na bado inasomeka. Mgonjwa mwenye klipu sita anakula megabaiti kumi na kitu, kwa hiyo gigabaiti moja inawatosha wagonjwa zaidi ya 60. Video za kuchekesha ndizo zinazomaliza bando la zahanati.

Hospitali zenye mtandao wa waya hutumia faili za DICOM, ambazo hubeba picha pamoja na vipimo, tarehe na kina. Ni nzito zaidi ila msomaji anaweza kupima upya mwenyewe. Ukiwa na njia ya kuzituma, tuma hizo.

Mtandao ukikata?

Piga, hifadhi, tuma ukirudi. Njia tunayotumia haihitaji tuwe hewani pamoja. Zahanati nyingi zina mahali pake panapojulikana, dirisha fulani au kivuli cha mgunga fulani, ambapo simu inashika, na mhudumu anazitoa zote jioni. Simu ya laini mbili za kampuni tofauti ni akiba nzuri kuliko simu ya kifahari ya laini moja.

Kinachosahaulika ni mahali seva ilipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Minara ilikuwa hapo hapo, simu za kawaida zilipita, lakini picha iliyotakiwa kufika Ulaya ndipo irudi Moshi ingekwenda kwa njia gani? Kwa hiyo kuwa na utaratibu wa pili: namba ya simu ya msomaji iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Ukiweza kunieleza kwa mdomo unachokiona, tutafika mahali.

Kupiga mubashara, mimi nikiona kioo chako na kukuelekeza "panda kidogo, geuza, simama hapo", ni raha sana kwenye mafunzo. Kwa kazi ya kila siku vijijini sipendi, mtandao unakatika katikati ya neno.

WhatsApp inafaa?

Inatumika, hakuna haja ya kujifanya haitumiki. Ila ina shida tatu. Ya kwanza, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na yale madoadoa madogo tunayoyatafuta yanafutika, kwa hiyo itume kama hati. Ya pili, inajihifadhi kwenye albamu ya simu yako, katikati ya picha za harusi na kipaimara, na pengine inapanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mtoto wako akishika simu, amemwona mgonjwa. Ya tatu ni makundi. Kundi la wahudumu lenye watu wengi, wengine walishahama kituo, si mahali pa kutupa tumbo la mtu ukauliza "Wakuu, hii ni nini?"

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti kwa zinazovuka mipaka ya nchi. Kituo kikiweza kupata programu yenye nywila, yenye kumbukumbu ya nani kafungua nini, kiipate. Mpaka hapo: simu ya kituo badala ya simu yako binafsi, mtu mmoja kwa mtu mmoja, namba badala ya jina, na futa ukishapata jibu na kuliandika kwenye faili la mgonjwa.

"Mwanangu, hiyo picha inakwenda wapi?"

Aliuliza bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake kwa uvimbe wa tumbo, na nesi akamjibu vizuri kuliko ambavyo fomu ingemjibu.

"Inakwenda Moshi, bibi, kwa mtaalamu wa kusoma. Jina lako halimo, ina namba tu."

"Na kama ananijua?"

"Hata kama anakujua, bibi, hataona uso. Anaona ini na figo."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa situmi. Tutakuandikia barua uende mwenyewe."

Bibi akafikiri. "Haya, tuma. Ila mwambie na huu mgongo unaniuma."

Yote yanayotakiwa yamo humo: inakwenda wapi, nani anaona, nini kinaonekana, na kwamba hapana yake ni hapana. Una haki pia ya kuomba nakala ya picha na ya majibu. Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri aelezwe na mtu anayesema lugha yake, na kwa mwanamke ikiwezekana mtu huyo asiwe mkwe wake.

Majibu yanachukua muda gani, na kama ni dharura?

Mkubaliane kabla ya picha ya kwanza. Nani anasoma mchana, nani usiku, nani Jumapili, na asipopokea anapigiwa nani. Kituo kisichokuwa na makubaliano haya kina kamera tu. Alama za tiki za bluu au neno "nimeona" si majibu. Jibu lina mambo matatu: kilichoonekana, kisichoonekana, na la kufanya sasa.

Dharura haisubiri picha. Mama anayevuja damu nyingi, aliyedondoka kifafa, mwenye mimba changa na tumbo gumu na presha inashuka, huyo anaanza safari kwanza. Piga 115, namba ya m-mama, haina malipo, ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Picha itume wakati gari linakuja. Faida yake hapo ni kumwandaa anayempokea, chumba cha upasuaji na damu viwe tayari.

Vitu gani vinasomeka vizuri kwa mbali?

Mtoto yuko hai au la, mmoja au mapacha, kichwa au makalio yametangulia, kondo liko wapi, maji yanatosha. Maji au damu tumboni: majeruhi wa bodaboda akiwa na utepe mweusi kati ya ini na figo ya kulia, mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kuupiga na mimi nikausoma kwa sekunde. Maji kuzunguka moyo. Mawe kwenye kifuko cha nyongo. Figo iliyovimba kwa sababu mkojo umezibwa.

Kwa wafugaji wa upande wetu huu kuna moja la kipekee, uvimbe wa maji kwenye ini unaotokana na mnyoo wa mbwa. Ukiuona mfuko wa duara uliojaa maji, pengine na vifuko vidogo ndani yake, usithubutu kuchoma sindano "kuona kuna nini". Ukipasuka ovyo mgonjwa anaweza kupata mzio mkali na kufa, na mbegu zake husambaa tumboni. Tuma klipu. Uvimbe huu hugawanywa kwa hatua tano kwa kuangalia ultrasaundi peke yake, na hatua ndiyo inayoamua kama ni albendazo, dawa ya minyoo, ni kunyonya kwa utaalamu, ni upasuaji, au ni kuuacha na kuuangalia. Ni mfano mzuri wa ugonjwa ambao picha kutoka Malambo inaweza kuamua matibabu bila mtu kuondoka Malambo.

Visivyosomeka vizuri: chochote kilicho nyuma ya gesi ya utumbo au mfupa. Kasoro ndogo za moyo wa mtoto tumboni. Kidole tumbo wakati mwingine. Na ultrasaundi safi haimaanishi mtoto hana tatizo lolote. Hilo tunaomba mama aambiwe mapema, asije akalisikia siku ya lawama.

Ultrasaundi imebadilisha tarehe yangu ya kujifungua. Nishike ipi?

Inategemea ulipimwa lini. Katika wiki 8 za kwanza kipimo kinakosea kwa siku 5 hivi, kufikia wiki ya 13 ni siku 7, karibu na wiki ya 20 ni siku 10, na baada ya wiki 28 kinaweza kukosea kwa siku 21. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ndicho kinachoshikwa. Ukipimwa tena mimba ikiwa na miezi minane na mashine ikasema tarehe nyingine, usihamishe siku, huenda ni mtoto tu mkubwa au mdogo kuliko wastani. Njoo na kadi ya kliniki kila mara, na mkunga aandike tarehe kwa kalamu ya wino.

Mtaniambia ni wa kike au wa kiume?

Ikionekana na ukiuliza, utaambiwa. Lakini klipu zinapigwa kutafuta mambo mengine, na mtoto akibana miguu hatuwezi kumlazimisha.

Akili mnemba si itasoma yenyewe?

Baadhi, ndiyo, na si mbali. Utafiti uliofanywa North Carolina na Zambia, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha programu ikikadiria umri wa mimba kutokana na klipu zilizopigwa bila mtaalamu kutafuta kichwa wala paja, kwa usahihi unaokaribia wa mtaalamu. Kwa zahanati hilo ni jambo kubwa. Ila umri wa mimba ni swali moja. Yule mama wa damu na kovu ana maswali mengine, na bado tunataka mtu wa kumpigia simu. Mimi ningeipokea kesho asubuhi kwa kazi ya kupanga foleni: hii ya kawaida, hii isomwe sasa.

Nani anaruhusiwa kushika probu?

Aliyefundishwa na kuidhinishwa na kituo chake kwa kazi hiyo. Kusoma na kusaini majibu ni kwa mtaalamu aliyesajiliwa. Mkunga anayepitisha probu kwa utaratibu wa klipu hatoi majibu, na asisukumwe kuyatoa, hata mume akiwa mlangoni anasubiri. Aseme tu: "Baba, majibu yatakuja, nitawaita."

Ni bei gani?

Bei ya kipimo hutofautiana kati ya kituo na kituo, na bima hutofautiana katika wanacholipia. Uliza dirishani kabla ya kulala kitandani. Kituo cha serikali kinakupa kumbukumbu namba ya malipo na risiti. Hakuna malipo yanayotumwa kwenye simu ya mhudumu "kwa ajili ya bando". Ukiombwa hivyo, kataa kwa upole ukamwone mganga mfawidhi.

Jeli imeisha. Nitumie nini?

Bila kitu cha majimaji kati ya probu na ngozi, hewa inazuia sauti na kioo kinabaki cheusi. Uji mwepesi wa wanga wa mahindi, uliochemshwa na kupoa kabisa, umeshajaribiwa na unafaa kwa ngozi isiyo na kidonda, uutengeneze siku hiyo hiyo maana huchacha. Maji safi mengi yanasaidia kwa muda mfupi. Usitumie mafuta ya kula wala ya kujipaka, yanaharibu mpira wa uso wa probu. Ukimaliza futa kwa kitambaa laini chenye maji, kisha kwa dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Usimwagie spiriti kwa mazoea.

Kwenye picha kuna mstari mweusi unaoshuka kutoka juu hadi chini. Ni ugonjwa?

Geuza probu nyuzi 180. Mstari ukibaki upande ule ule wa kioo, tatizo ni la probu, si la mgonjwa. Mara nyingi jeli haikufika sehemu hiyo, au kuna unywele au kovu, kwa hiyo ongeza jeli kwanza. Ukiendelea, futa probu ikauke kabisa, chukua klipu ya chuma ya kubania karatasi, inyooshe, uipitishe taratibu juu ya uso wa probu kutoka pembe hadi pembe huku ukiangalia kioo. Pale inapogusa, mwanga mdogo unatokea juu ya picha na kutembea pamoja nayo. Mahali mwanga unapopotea, fuwele za hapo zimekufa, kwa kawaida kwa sababu probu iliwahi kuanguka. Mtafute fundi wa vifaa tiba, na mpaka aje andika kwenye kila ujumbe unaotuma kwamba probu ina pengo upande gani.